Joka akishaanguliwa: majibu ya maswali yenu kuhusu kitabu cha pili

Tangu niliposema hapa kwamba nimekisoma tena Eldest, kitabu cha pili katika mfululizo wa Christopher Paolini ulioanza na Eragon, habari za mvulana wa jina hilo na joka wake Saphira, na kwamba safari hii nimekifurahia kuliko cha kwanza, maswali yamemiminika. Karibu yote yanazunguka jambo lilelile: vitabu vya pili vya riwaya za majoka. Wapo wanaoviogopa, wapo wanaotaka kuviruka, wapo walioanza wakakwama njiani. Nimechagua yale yaliyojirudia. Sitaeleza joka ni nini wala mpanda joka ni nani. Kama hujasoma hata kitabu kimoja cha aina hii, kasome kwanza, majibu haya utayakuta.

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko katikati ya Eldest na nimechoka. Eragon yuko msituni kwa elfi, wale watu wa uchawi, anafundishwa tu siku nenda siku rudi, hakuna vita. Naweza kuruka mpaka wanapopigana?

Jibu: Marahaba. Usiruke hata ukurasa mmoja, na hapa nitakaa kidogo, maana swali hili nimeulizwa kwa kila namna.

Kitabu cha kwanza cha mfululizo wa majoka hukopa, tena kwa mikono miwili. Yai linapasuka, mvulana wa shamba anapata nguvu asizozitolea jasho, anatamka neno moja na moto unawaka. Msomaji haulizi gharama kwa sababu ana raha. Kitabu cha pili ndicho kinachofungua daftari la madeni.

Kumbuka kuelekea mwisho wa kitabu cha kwanza Eragon alivyombariki yule mtoto mchanga. Watu wamesongamana, mwanamke mzee anamnyanyulia kichanga, Eragon anaokoteza maneno machache ya lugha ya kale anayoyajua, anayatamka. Saphira anainamisha kichwa, anamgusa mtoto kwenye paji la uso kwa pua, inabaki alama ya fedha. Jambo la dakika chache. Ulipita ukaona ni pambo zuri, hata mimi nilipita. Sasa huko msituni unakokuita kuchosha, mwalimu wake Oromis anamwonyesha alichokifanya. Alitaka kumwombea mtoto akingwe na balaa. Alichotamka ni kwamba mtoto awe kinga ya balaa. Sisi wa Kiswahili tunapaswa kulisikia kosa hilo likituchoma kuliko wengine, maana kwetu ni herufi moja: *ukingwe* na *ukinge*. Ile w ikidondoka, mtoto anahukumiwa kuyahisi maumivu ya kila aliye karibu naye na kusukumwa kuyazuia yasiwafike. Hajaanza hata kutembea.

Hilo huwezi kuliandika katika kitabu cha kwanza. Linahitaji msomaji awe ameshasahau.

Halafu kuna yale mazoezi ya kutulia. Kila siku Eragon anaketishwa kwenye uwazi wa msitu, anaambiwa afungue akili na asikilize kila chenye uhai kilichomzunguka. Mwanzoni anaishia kwa sisimizi. Anawafuata, anajua njia zao, anajua hofu zao, na siku nyingi zinapita kabla hajaweza kuushika msitu wote akilini kwa mara moja. Wewe unaona ni kupoteza muda. Lakini angalia kinachofuata: mvulana aliyekuja kujifunza kuua anagundua kwamba kila anachokiua kina sauti, na nyama inaanza kumshinda kula. Ukiruka hapo, utamkuta baadaye amebadilika na hutajua kwa nini. Utaandika kwamba mwandishi ameharibu mhusika. Barua za namna hiyo ninazo nyingi, na karibu zote zimeandikwa na watu walioruka.

Na kwa kuwa umenifungulia mlango: usiruke sura za Roran, binamu yake Eragon, pia. Huyo hana joka, hana uchawi, ana nyundo na kijiji kinachomtegemea. Zimewekwa kati ya sura za mafunzo kwa makusudi, ili ukitoka kwa mwenye nguvu zote uingie kwa asiye na kitu, uone ni nani kati yao anayetetemeka zaidi.

Swali: Naomba PDF ya kitabu cha pili.

Jibu: Hapana. Mwandishi anakula kwa kitabu hicho. Azima maktaba, azima kwa rafiki, subiri ununue.

Swali: Kitabu cha pili cha ule mfululizo wa majoka kinaitwaje?

Jibu: Mfululizo upi? Kila juma napata swali hili, na kila juma halina jina la mwandishi, halina jina la joka, halina hata rangi ya jalada. Kama ni wa Paolini, ni Eldest, kilitoka 2005. Kama ni Wings of Fire wa Tui T. Sutherland, ni The Lost Heir, 2013. Kama umemaliza Seraphina wa Rachel Hartman, kinachofuata ni Shadow Scale, 2015. Kama ni Earthsea wa Ursula K. Le Guin, ni The Tombs of Atuan, 1971. Ukiuliza tena, andika jina la mwandishi. Mtu aliyekupa saa nyingi za furaha anastahili ulijue jina lake.

Swali: Mwalimu, mimi ni msomaji wako mdogo. Kitabu cha kwanza cha Wings of Fire kilikuwa cha Clay na nilimpenda sana. Nafungua cha pili nakuta ni mambo ya Tsunami. Clay kaenda wapi? Naona nimedhulumiwa.

Jibu: Hujadhulumiwa, mwanangu. Clay yupo palepale, ila sasa unamwona kwa macho ya mwenzake. Makinda ni watano, wamelelewa mafichoni chini ya mlima, na vitabu vitano vya mwanzo, vilivyotoka kati ya 2012 na 2014, vimegawanywa hivyo: Clay, Tsunami, Glory, Starflight, Sunny. Kila mmoja na chake.

Jaribu jambo hili. Katika The Lost Heir tafuta mahali Clay anapozungumza, kisha jiulize: huyu ndiye yule niliyemjua? Katika kitabu cha kwanza ulikuwa ndani ya kichwa chake. Ulisikia hofu yake kwamba huenda ndani yake kuna kitu kibaya. Tsunami hayasikii hayo. Yeye anaona ndugu mwenye mwili mkubwa, moyo laini na njaa isiyokwisha. Wewe peke yako unajua vyote viwili, unachokijua wewe na anachokiona yeye, na raha ya kitabu cha pili iko hapo katikati. Uliyesoma kwa mpangilio umepewa siri ambayo hata wahusika hawana.

Wakubwa wanaolalamika vilevile niwapeleke kwa Le Guin. Umemaliza A Wizard of Earthsea, umemwona Ged akimkabili joka Yevaud akiwa na silaha moja tu, jina la kweli la joka huyo. Unafungua kitabu cha pili ukitaka majoka zaidi, unapewa msichana anayeitwa Tenar, aliyechukuliwa kwao akiwa mtoto kwenda kutumikia giza kwenye makaburi ya jangwani. Hakuna joka hata mmoja anayeruka humo. Ged mwenyewe haonekani mpaka umesoma sehemu kubwa. Na anapoonekana, anaonekana kama mwanga wa fimbo chini ya ardhi, mahali ambapo mwanga umeharamishwa. Kwa Tenar ni mwizi. Wewe unajua ni nani, unataka kupiga kelele umwambie, na huwezi. Nimekisoma kitabu hicho mara nyingi na bado moyo hunidunda hapo. Anayekiruka kwa sababu hakina majoka ananyimwa bure.

Swali: Nisome kwa mpangilio wa kuchapishwa au wa matukio?

Jibu: Wa kuchapishwa. Naona kuna wanaowaanzishia watoto Darkstalker cha mfululizo wa Wings of Fire kwa sababu matukio yake yametangulia kwa karne nyingi. Kitabu hicho kilitoka 2016, baada ya msomaji kuwa ameshakutana na jina hilo na kuliogopa. Ukianza nacho umekata mti kabla ya kivuli kumfikia mtu.

Swali: Nimetazama filamu ya Eragon. Si naweza kuanza moja kwa moja na kitabu cha pili?

Jibu: Huwezi, na nitakupa sababu moja tu. Katika filamu ile ya 2006 Saphira anapaa angani akiwa kinda na kushuka akiwa amekomaa, kufumba na kufumbua. Katika kitabu anakua siku kwa siku. Eragon anamficha, anamlisha, anahangaika, anamtafutia jina na yeye anayakataa majina. Muda huo ndio uhusiano wao. Kitabu cha pili kimejengwa juu yake, na wewe huna.

Nisieleweke kwamba nachukia filamu. Ile ya How to Train Your Dragon ya 2010 ninaipenda kwa dhati. Lakini Toothless wa filamu ni joka mweusi mwenye nguvu anayepandwa, na Toothless wa Cressida Cowell, aliyeanza kuandika habari zake 2003 na kuzimaliza katika vitabu 12, ni kijoka mdogo, mkaidi, asiyetii. Hizo ni hadithi mbili zenye jina moja. Ukitoka kwenye filamu, anza na kitabu cha kwanza.

Swali: Nilisoma kitabu cha kwanza miaka mitatu iliyopita. Nimesahau karibu kila kitu. Nisome tena au nitafute muhtasari?

Jibu: Soma tena. Ukikosa muda kabisa, soma sura tatu za mwanzo na tatu za mwisho, kwa sababu mwanzo ndiko ahadi zinakotolewa na mwisho ndiko zinakoachwa zikining'inia. Chukua karatasi, andika majina ya watu, majoka wao na rangi zao, halafu andika kila ahadi, kila jeraha na kila neno ambalo mtu amelitamka bila kufikiri. Karatasi hiyo iweke ndani ya kitabu cha pili kama alama ya ukurasa. Utashangaa ni mara ngapi utaichungulia.

Muhtasari hukuambia nani alimuua nani. Haukuambii kwamba Eragon alitoka vitani na kovu mgongoni. Halafu unafungua Eldest unamkuta anaanguka chini kwa maumivu katikati ya mazoezi, unajiuliza ugonjwa huu umetoka wapi.

Swali: Kwa nini unaandika "joka anaruka" badala ya "joka linaruka"? Na kwa nini usiseme tu dragoni kama wengine?

Jibu: Hatimaye swali la lugha. Nimelisubiri.

Joka ni nyoka aliyekuzwa, hilo kila mtu analijua, na hapo ndipo lawama zinapoanzia. Wanasema neno hilo humletea msomaji picha ya kitu kinachotambaa, kisicho na mbawa wala miguu. Ndiyo maana wengine wamekimbilia dragoni. Siwazuii. Lakini dragoni ni neno jepesi, halina historia ya kuogopwa. Joka tayari lina uzito mdomoni. Mbawa mwandishi ataziongeza katika sentensi ya pili, hofu hawezi kuiongeza.

Kuhusu upatanisho: huyu ana jina, ana wivu, ana ucheshi, anagombana na mpandaji wake na kumnunia. Utasemaje "Saphira linaruka"? Waliotafsiri Ufunuo waliandika "yule joka", na pale ni adui wa kutupwa chini. Kama adui amepewa heshima ya kuwa kiumbe chenye nafsi, rafiki anyimwe? Kinda nalisema kijoka, na kijoka naye anakula, hakuna "kinakula".

Ila li- siitupi. Ningekuwa natafsiri riwaya ya namna hii, wanakijiji wanaoona kivuli kikipita juu ya mapaa ningewaachia waseme "lile joka". Mpandaji angesema "huyu" tangu ganda linapopasuka. Halafu mahali fulani katikati ya kitabu cha pili, mzee mmoja aliyekuwa akiogopa angeteleza ulimi aseme "joka wako amekula?" Msomaji angejua kilichotokea bila kuelezwa. Wanaotuambia kwamba Kiswahili hakina zana za kuandikia fantasia hawajaitazama ngeli ikifanya kazi.

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Binti yangu ana miaka 13. Amemaliza vitabu vyote vya Eragon na sasa anataka Fourth Wing na mwendelezo wake, kwa kuwa marafiki zake wanavizungumzia na vina majoka. Nimnunulie?

Jibu: Nzuri, mama, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kununua. Usimnunulie. Fourth Wing wa Rebecca Yarros ni kitabu cha watu wazima. Mhusika wake mkuu ana miaka 20, yuko katika chuo cha kijeshi cha wapanda majoka, na ndani yake na ndani ya Iron Flame inayofuata kuna matukio ya ngono yaliyoelezwa waziwazi, pamoja na mauaji mengi ya wanafunzi. Haviandikiwi watoto na havijidai kuandikiwa watoto. Tatizo ni jalada zuri na neno joka. Wauzaji wengi na wazazi wengi wakiona joka huhesabu kwamba ni kitabu cha watoto, wanavipanga rafu moja. Majoka hawana umri. Soma nyuma ya kitabu, soma kurasa chache za katikati, muulize aliyekisoma.

Lakini usimjibu binti yako kwa "hapana" peke yake. Anatafuta kitu halisi: msichana, joka, hatari, na hisia zinazopanda. Mpe Seraphina. Humo majoka hujigeuza umbo la binadamu, wanaona hisia ni ugonjwa, na msichana mwenye kipaji cha muziki anaficha siri ya damu yake mwenyewe. Kisha mwendelezo wake.

Halafu mtafutie Dragonsong wa Anne McCaffrey, cha 1976, na hasa mwendelezo wake wa mwaka uliofuata, Dragonsinger. Menolly amekatazwa na baba yake kupiga muziki kwa kuwa ni msichana. Mkono wake umekatwa na kisu akitumbua samaki na kidonda kimepona vibaya, vidole havifunguki vizuri. Katika kitabu cha kwanza anatoroka, analea mijusi wa moto tisa, jamaa wadogo wa majoka, pangoni. Katika cha pili anafika mahali alipopaota maisha yake yote, shule ya muziki, na anakuta huko nako kuna wivu, masengenyo na walimu ambao ni lazima awaridhishe. Hakuna vita vikubwa. Kuna msichana anayenyoosha vidole vyenye kovu juu ya nyuzi huku watu wakimtazama. Sijui mwendelezo mwingine unaomwambia kijana kwa upole namna hiyo kwamba kufika unakotaka hakumalizi kazi.

Tahadhari moja: McCaffrey aliandika pia vitabu vya watu wazima katika dunia hiyohiyo, kuanzia Dragonflight cha 1968. Jina linafanana, joka yuko jaladani, msomaji aliyekusudiwa ni mwingine. Usichanganye.

Swali: Kwa nini waandishi hawa wanachelewesha kitabu kinachofuata kwa makusudi? Wanatutesa.

Jibu: Hakuna anayekutesa. Kutoka Eldest hadi cha tatu, Brisingr, ilikuwa miaka mitatu, kutoka hapo hadi cha nne, Inheritance, mitatu mingine. Paolini aliahidi vitabu vitatu, na 2007 akatangaza kwamba hadithi imekataa kuingia katika vitatu, vitakuwa vinne. Aliporudi katika dunia ileile na riwaya nyingine kamili, Murtagh, ilikuwa 2023, miaka 12 baadaye. Le Guin alimaliza cha tatu cha Earthsea 1972 na msomaji akakaa hadi 1990 ndipo akapata cha nne, Tehanu. Miaka 18. Waliokisoma cha tatu wakiwa watoto walikisoma cha nne wakiwa na watoto wao, na kitabu chenyewe kimeandikwa kwa mtu aliyekua: Ged ameishiwa nguvu, Tenar ni mwanamke mtu mzima mwenye shamba. Kingeandikwa 1974 kingekuwa kitabu kingine, na naamini kingekuwa kidogo.

Mmezoeshwa vibaya na mwaka kama 2023, ambapo Fourth Wing ilitoka Mei na Iron Flame ikatoka Novemba. Hiyo si kawaida ya kazi hii. Na niseme jambo linaloniuma: wanaomwandikia mwandishi matusi kwa sababu kitabu hakijatoka wakome. Nimeziona barua za namna hiyo zikisifiwa kama ushabiki. Shabiki wa kweli husoma kitu kingine huku akisubiri.

Swali: Joka niliyempenda amekufa kitabu cha pili. Nimekifunga na sitaki kukigusa tena. Ndugu zangu wananicheka.

Jibu: Pole sana, mdogo wangu. Wasikucheke. Uliishi naye kurasa mamia, ulijua sauti yake kichwani mwa mpandaji, na sasa pale palipokuwa na sauti pana ukimya. Waandishi wengi wa majoka wamejenga uhusiano wa akili kwa akili kwa sababu hiyo hasa: mmoja akiondoka, mwingine hapotezi rafiki tu, anapoteza nusu ya mawazo yake. Nawe umelipata pigo lilelile kwa kiasi chako.

Kiache kitabu siku kadhaa. Usisome kingine cha majoka katika siku hizo. Ukirudi, usirudi kwenye sura ya kifo, rudi kwenye sura inayofuata, na mtazame aliyebaki. Angalia anavyofanya mambo madogo: anavyolala, anavyogeuka kuzungumza na asiyekuwepo, anavyoshika tandiko. Kama mwandishi ameyaacha hayo na kukimbilia vita vingine, basi hasira yako ni ya haki, na una ruhusa yangu kukifunga moja kwa moja. Kama ameyaandika, kaa naye.

Swali: Shikamoo. Nina miaka 16. Nimeandika nusu ya riwaya yangu ya majoka na tayari nina mawazo ya kitabu cha pili, tena mazuri kuliko ya kwanza. Nianze cha pili?

Jibu: Marahaba. Maliza cha kwanza.

Najua utanitajia Paolini, na ni kweli, alianza Eragon akiwa na miaka 15. Lakini sikiliza mpaka mwisho. Alikiandika, akakiandika upya, familia yake ikakichapisha yenyewe 2002, akazunguka akikitangaza kwa wasomaji mmoja mmoja, na toleo la mchapishaji mkubwa likaja 2003. Cha pili kilifuata baada ya cha kwanza kuwa mikononi mwa watu. Mawazo ya kitabu cha pili huonekana mazuri kwa sababu bado hujayaandika.

Yaandike kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila wazo, kisha funga. Halafu rudi kwenye rasimu yako na kalamu nyekundu. Kila mahali ulipompa mhusika kitu bila kumlipisha, weka alama: nguvu alizozipata usingizini, jeraha lililopona kesho yake, kiapo alichokitoa kwa hasira, mtu aliyeuawa na hakuna aliyemlilia. Usirekebishe zote. Chache ziache makusudi, ndizo kitabu chako cha pili.

Na kuna kazi moja ninataka uifanye kabla ya yote. Andika siku moja ya joka wako isiyo na vita. Anakula nini, nani anakitafuta, kinatosha siku ngapi? Anakunya wapi? Akilala, ubavu upi? Mpandaji anakaaje mgongoni? Eragon alipopanda mara ya kwanza bila tandiko, magamba ya Saphira yalimchuna ngozi ya mapajani hata akashindwa kutembea. Hakuna uchawi katika sentensi hiyo, na tangu niisome sijawahi kutilia shaka kwamba Saphira yupo. Niandikie yako, kurasa tano, kwa mkono ukitaka. Nitazisoma zote na nitakujibu hapa.